Fundi Anayepima Zege Mara Mbili

Baada ya uchunguzi wa kina, uliofanywa bila woga wala upendeleo, ukurasa huu wa vijana una heshima kubwa kuwatangazia wasomaji kwamba umempata mfanyakazi muhimu kuliko wote katika chuo kikuu kizima. Si mkuu wa chuo. Si profesa yeyote. Uchunguzi wenyewe ulifanyika juu ya kiti cha plastiki chenye miguu mitatu na nusu, na chai ya mchunguzi ililipiwa na mchunguzwa.

Saa mbili kasoro dakika tano asubuhi. Mlango wa chuma wa maabara ya ujenzi unafunguliwa kwa teke dogo upande wa chini, kwa sababu bila teke haufunguki. Mpiga teke ni mwanamume wa miaka hamsini na sita, mfupi, mpana, mabega yamenyooka kama yamechorwa kwa rula. Wanafunzi wanamwita Mchemraba. Wanadhani hajui.

"Najua," anasema, akivaa koti la bluu lenye mfuko uliochanika. "Kuna waliotaka kuniita Pipa. Nashukuru."

Anainama juu ya beseni kubwa la maji na kutoa mchemraba wa zege, upande mmoja sawa na kiganja kilichokunjuliwa. Anaufuta kwa kitambaa. Anauweka kwenye mizani, anaandika uzito kwenye daftari, kisha anauingiza kati ya bamba mbili za chuma za mashine. Mshale unapanda polepole. Yeye hautazami. Anasikiliza.

Paa! Vumbi linatoka.

"Huyu alikuwa mzima," anasema, kama daktari anayetangaza kifo cha mgonjwa asiye na ugonjwa.

Kazi yake ni hiyo: kuvunja. Mkandarasi anapomwaga zege la nguzo, anajaza pia kalibu ndogo za chuma, zenye umbo la mchemraba, kwa zege lilelile. Mchemraba ukikauka unaletwa hapa, unaandikwa namba kwa kalamu ya nta, unalazwa majini, na siku ya ishirini na nane unavunjwa. Ukivunjika mapema, nguzo iliyomwagwa siku hiyo nayo inatiliwa shaka.

Zaidi ya nusu ya michemraba hiyo haitoki kwenye masomo. Inatoka kwenye kazi binafsi za ushauri, zile ambazo wahadhiri hufanya kwa wateja wa nje. Zamani, anasimulia Mchemraba, kazi hizo zilipita mlango wa nyuma.

"Mhadhiri anakuja jioni, anazungumza kwa kunong'ona kama anauza mali ya wizi. 'Fundi, nivunjie hivi vitatu.' Navunja. Napewa soda. Siku mteja akikasirika, mhadhiri yuko peke yake, na mimi sijulikani kama nilikuwepo duniani."

Miaka sita iliyopita chuo kilifungua Ofisi ya Ushauri na kumweka humo mwanamke mwenye miwani ya kamba, anayejulikana kila idara kwa jina la Mama Fomu. Sasa mhadhiri anaruhusiwa siku moja kwa wiki kufanya kazi ya nje. Ofisi inasoma mkataba, inakata bima, inatoa mwanasheria na inampangia maabara. Sehemu ya malipo hubaki maabara. Mashine ya kuvunjia ilinunuliwa hivyo. Fundi naye anaandikwa kwenye fomu kwa jina na kulipwa. Mwaka jana posho hizo zilimwongezea Mchemraba karibu robo ya mshahara.

"Fomu yake ina kurasa tisa," anasema. "Nilimchukia miaka mitano. Kisha likaja lile bweni."

Ilikuwa Aprili mwaka huu. Mhadhiri mmoja wa uhandisi, ambaye hapa tutamwita Daktari kama wote wanavyomwita, alikuwa mshauri wa jengo la bweni la ghorofa tatu, la wasichana mia mbili. Michemraba mitatu ya nguzo zake ilitakiwa kufikia nguvu ya ishirini na tano. Ilivunjika kwenye kumi na nne.

Asubuhi hiyohiyo ilivunjwa mitatu mingine, ya njia ya waenda kwa miguu, iliyotakiwa kufika kumi na mbili tu. Ilifika ishirini na tisa. Njia ile, kwa hesabu hiyo, ingeweza kubeba treni. Hakuna aliyeshtuka. Hajazaliwa mteja anayelalamika kwa kupewa alama nyingi.

Daktari aliandika barua ya mistari minne: ujenzi usimame. Kesho yake Mkandarasi aliingia maabara bila kujua habari ya teke, kwa hiyo aliusukuma mlango kwa dakika nzima kabla ya kuanza kugomba.

"Daktari, nimejenga miaka kumi na tisa! Zege langu halijawahi kupata kumi na nne hata nikiwa nimelala!"

"Sijasema umelala. Nimesema simamisha."

"Nitakushtaki! Wewe, na chuo chako, na huyu mzee wako mvunja mawe!"

"Zege," alisema Mchemraba.

"Nini?"

"Si mawe. Ni zege."

Mama Fomu alikuwa ameitwa na kufika na faili lake kifuani. Alivuta kiti, akakikagua miguu, akaketi.

"Baba, punguza sauti, tunasikiana," alimwambia Mkandarasi. "Mkataba uko kwa jina la chuo. Ukimshtaki Daktari umetushtaki sisi, na sisi tuna mwanasheria ambaye tangu Januari hajapata mtu wa kugombana naye. Atafurahi sana. Tupe siku tatu tuhakiki."

Siku tatu hizo hazikuwa za mchezo. Kama maabara ingeonekana imekosea kwa uzembe, ingefungiwa kazi zote za nje, Daktari angepoteza kibali, na Mchemraba, mwenye miaka ishirini na sita kazini bila doa kwenye faili, angerudi nyumbani na koti lake la bluu.

Daktari alikuja kumwona mchana. Aliwahi kuwa mwanafunzi wake.

"Mzee wangu, niambie ukweli. Tumekosea?"

"Mwanangu, sijui. Ngoja nimuulize anayejua," alijibu, akafungua daftari.

Hapa ndipo wasomaji wanapaswa kuvua kofia. Sheria inamtaka fundi apime mchemraba siku ya kuvunja. Mchemraba wetu, yeye, hupima mara mbili: siku ya kuvunja, na siku ulipoletwa. Hakuna aliyemtuma. Wenzake humcheka kwamba anapima zege kama watoto wa kliniki.

Siku ilipoletwa, michemraba ya bweni ilikuwa na kilo nane na gramu mia mbili kila mmoja. Siku ya kuvunjwa, michemraba yenye namba zilezile ilikuwa na kilo saba na gramu mia sita. Ile ya njia ya miguu nayo ilikuwa imenenepa kiasi hichohicho.

"Zege likikaa majini halikondi," anasema Mchemraba. "Linakunywa tu. Siku ile nilipima, nikaandika, sikulinganisha. Hilo kosa ni langu. Lakini nilipolinganisha nikajua: namba zimebadilishana. Hii imeandikwa ile, na ile imeandikwa hii."

Ofisi ya Ushauri haikuishia hapo. Kwa gharama yake yenyewe ilileta mashine ya kukata vipande vya zege kutoka kwenye nguzo zilizosimama, na mhadhiri wa idara nyingine akashuhudia. Vipande vitatu vilipimwa. Ishirini na saba. Ishirini na tisa. Ishirini na nane.

Daktari alipiga kelele moja ambayo, kwa mujibu wa walioisikia, haifundishwi katika shahada yoyote ya uhandisi. Mama Fomu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Bweni lilikuwa salama. Njia ya miguu nayo ilikuwa salama, ingawa imeshushwa cheo. Mkandarasi alirudi, safari hii akapiga teke mahali panapostahili.

"Mzee wangu, nilikuita mvunja mawe."

"Uliniita. Vuta kiti. Si hicho!"

Alikuwa ameshachelewa. Aliokotwa sakafuni akicheka, na tangu siku hiyo kila mchemraba wa kampuni yake unaletwa hapa. Kuanzia mwezi uliofuata, chuo kiliagiza maabara zake zote nne zipime mara mbili, na kwenye fomu ya Mama Fomu kikaongezwa kisanduku cha uzito. Sasa ina kurasa kumi.

Doa moja tu lilibaki. Kamati ya chuo iliyochunguza kosa hilo iliandika kwamba namba zilibadilishwa "kwa njia isiyojulikana", na kwa kuwa ilitokea ndani ya maabara ya Mchemraba, alipewa barua ya onyo. Hakukata rufaa. Barua iko kwenye faili lake, na Jumatatu ijayo ana usaili wa nafasi ya Fundi Mkuu, aliyoisubiri miaka tisa.

"Nikiipata, nitazunguka maabara zote nne nikifundisha vijana kupima mara mbili," anasema. "Nikiikosa, nitaendelea kuvunja."

Makala hii ilipaswa kuishia hapo, kwenye matumaini, kama makala zote zenye adabu. Kwa bahati mbaya, mhusika aliomba kuisoma kabla haijatumwa.

Aliisoma akiwa amesimama kando ya beseni. Kisha akairudia tangu mwanzo.

"Umeandika vizuri," alisema. "Hiyo 'bila upendeleo' imenichekesha. Hujasema kwamba mimi ni mjomba wako."

Mwandishi alisema nafasi ilikuwa ndogo.

"Na hujasema Aprili ulikuwa likizo, na ulishinda humu wiki nzima."

Mwandishi alisema hilo halina uhusiano na uhandisi.

Mjomba aliinama. Alitoa gunia chini ya meza. Vipande vilivyovunjwa havitupwi hadi mteja aridhike, na hivi vya Aprili yeye hakuvitupa hata baada ya hapo. Akachagua kimoja, akakiweka mbele yangu. Kilikuwa na namba sabini na moja kwa kalamu ya nta, na saba yake ilikuwa na kimstari tumboni.

"Hii saba imevaa mkanda," alisema. "Humu ndani saba hazivai mkanda. Sasa nionyeshe daftari lako."

Sikumwonyesha. Alikuwa ameshaliona. Shuleni kwetu tunafundishwa saba za mkanda tangu kidato cha kwanza.

"Tangu lini unajua, mjomba?"

"Tangu siku ile ya kulinganisha."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuacha peke yako na beseni, kinyume cha sheria. Hilo langu, na barua yake niliipokea. Hili lingine nilidhani utakuja nalo mwenyewe. Ulipoleta habari ya makala, nikasema, haya, anakuja."

Kwa hiyo nakiri. Nilifuta namba sita na kuziandika upya, mchana mmoja, kwa dakika nne. Kila aliyepita alikuwa akiisema njia ile ya miguu kwa dharau, kwamba ni zege la kufeli tu, nami nafahamu vizuri maisha ya kukaa kwenye orodha ya namna hiyo. Nilitaka kuona sura ya mjomba njia ya miguu ikiongoza darasa. Sikufikiria nguzo, wala wasichana mia mbili. Mkandarasi alipokuja kugomba nilikuwa nyuma ya kabati la kalibu, na sikutoka.

Basi, waheshimiwa wa usaili wa Jumatatu: ile njia isiyojulikana sasa inajulikana. Barua ya namba zile si yake, ni yangu. Nakala ya ukurasa huu nimempelekea Mama Fomu kwa mkono wangu. Ameirudisha mara mbili kwa kukosa sahihi. Mara ya tatu ameipokea.

Mjomba amesoma mistari hii ya mwisho mara mbili, kama kawaida yake. Kisha amenionyesha beseni, akanikabidhi brashi, na kunikumbusha kwamba likizo bado ina wiki tatu.