Vidonge katika Kikombe Kimoja

Siku hizi simu ndiyo inayomwita mgonjwa ameze dawa mbele ya kamera, lakini zamani aliitwa na binadamu mwenye jasho, aliyebisha hodi na kusubiri mpaka akaribishwe. Leo ukibisha hodi unaulizwa kwa nini hukupiga simu kwanza.

Binadamu huyo mtaani walimwita Bwana Hodi. Kazi yake ilikuwa kuzungukia nyumba za wenye kisukari waliojitolea kwenye utafiti wa dawa ya kuzuia kifua kikuu. Nusu yao walipewa dawa yenyewe, nusu vidonge vya chokaa tu vilivyofanana nayo kama mapacha, na hakuna aliyejua nani kapata kipi, hata daktari. Baiskeli yake ilipiga kelele kuliko kengele yake. Watu walimsikia kabla hajakata kona.

Nyumba aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya wajane wawili, dada na mdogo wake, aliowaita Mama Mkubwa na Mama Mdogo. Walimtania kwamba anakuja kuposa, ila hajaamua amchukue nani. Siku moja, bado anacheka, akaona rafuni kikombe cha bati kimejaa vidonge, na kando yake chupa zao mbili, tupu. Kicheko kikamkauka.

Mama Mkubwa hakuficha. Walikuwa wakivichanganya tangu mwanzo, kila mmoja akichota humo, ili asiwepo wa kuachiwa chokaa peke yake.

Bwana Hodi akawaeleza taratibu kwamba hivyo haitajulikana kamwe kama dawa inafaa, kwamba itambidi amwambie daktari, na kwamba huenda wakaondolewa.

"Mwanangu," akasema Mama Mkubwa, "yaani huyu anywe chokaa, mimi ninywe dawa, nimzike, ndiyo ninyi mjue?"

Bwana Hodi akasema kwamba wanaohitaji kujua ni wale ambao bado hawajaugua. Dada wakatazamana. Wakampa maji ya kunywa, akaondoka akikokota baiskeli badala ya kuipanda.

Kesho yake aliwakuta kliniki, mlango haujafunguliwa, kikombe mkononi. Walikuja kujisema wenyewe. Daktari aliwasikiliza, akawabakisha, mradi wasirudie.

Tangu siku hiyo kila mmoja alimeza cha kwake, wamekaa uso kwa uso, kila mmoja akijua huenda anamtazama mwenzake akimeza chokaa. Bwana Hodi alikwishaona ndugu wakigombania shuka la marehemu. Mbele ya hawa wawili alivua kofia bila kuambiwa, na hakuweza kuketi mpaka wamalize.

Utafiti ulipokwisha, ikaonekana dawa inafaa, na siri ikafunguliwa. Dada wote wawili walikuwa wamepewa chokaa.

Mama Mdogo akacheka mpaka akashika mbavu. "Dada, ule ujanja wote wa kuchagua kidonge kizuri nikupe wewe."

"Na mimi nilikuwa nakuchagulia wewe," akasema mkubwa wake, akafuta macho kwa upindo wa nguo.

Wakapewa dawa ya kweli, kila mmoja chupa yake. Mara ya mwisho Bwana Hodi kuwaona, walikuwa wamesimama kwenye ngazi za kliniki: Mama Mkubwa ameshika chupa yake wazi, na Mama Mdogo anamimina vidonge vyake humo, polepole, kisidondoke hata kimoja.