Siku Betri Ilipogoma Kutoka

Mume wangu alipopata kiharusi, baiskeli yake ya umeme ilikaa wiki tano chini ya dirisha la nyuma, hapa mtaani kwetu Kikuyu, ikila vumbi. Mimi kazi yangu iko Chimwaga, mbali na nyumbani. Asubuhi nilimwacha amelalia ubavu, jirani akamchungulia akipata nafasi, na jioni nikamkuta vilevile, shuka limelowa. Wiki ya tano nikaona kidonda kwenye nyonga. Muuguzi hakunificha. "Dada, asipogeuzwa mchana, hicho kitafika mfupani."

Kwa daladala nisingewahi kwenda na kurudi saa ya chakula. Kwa baiskeli ningewahi. Lakini betri ilikuwa imeisha chaji, na tundu la kuchajia liko chini yake, lazima uitoe kwanza. Ufunguo wa kufuli la betri uliingia, ukagoma kuzunguka. Nikapuliza vumbi, nikatia mafuta ya cherehani. Nikaulazimisha mpaka ukaanza kupinda, nikaacha kwa kuogopa utakatikia ndani.

Jumamosi nikamwita fundi wa pikipiki. Akaliangalia lile kufuli, akasema, "Mama, hapa ni kutoboa tu."

"Na ukitoboa betri?"

"Ikishika moto, mimi simo."

Nikamwambia aende, nitamwita.

Nje upepo ulikuwa mkali, nikaingiza baiskeli chumbani na kuiegemeza kitandani kwa mgonjwa. Tangu augue alibakiwa na neno moja tu, "kesho." Akiwa na kiu, kesho. Akiumia, kesho. Aliponiona nimeshika ufunguo akaanza, "Kesho. Kesho," na mkono wa kushoto, ule mzima, ukawa unapigapiga godoro. Nikadhani anataka kukojoa, nikaleta chombo. Akakisukuma kikaanguka. Nikainama nimgeuze, akanishika bega akanikandamiza chini kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Niache," nilimfokea. "Nimechoka na wewe."

Nilimwambia hivyo mtu asiyeweza kunijibu.

Akaniachia. Akaunyanyua mkono polepole, akauweka juu ya betri, akaikandamiza. Kisha akanitazama.

Ndipo nilipoelewa. Nikaweka kiganja changu juu ya chake, tukaisukuma betri chini pamoja, na kwa mkono wa pili nikazungusha ufunguo. Ukazunguka bila shida. Kitu kikaachia ndani, betri ikalegea. Miaka yote aliyokuwa akiitoa pale uani nilipita pembeni yake na ndoo zangu, sikuwahi kusimama nikaangalia anafanyaje.

"Nisamehe," nikasema. Alikuwa ameshageuzia uso ukutani, machozi yakimwingia sikioni.

Jumatatu nilirudi mchana kwa baiskeli. Nikamsafisha, nikamgeuza, nikamnywesha uji, nikaondoka tena. Nilifanya hivyo karibu miezi miwili. Siku nyingine nilimkuta macho yakiwa mlangoni, siku nyingine amelala na sikumwamsha, nikamgeuza hivyohivyo. Kidonda hakikupanuka, ila hakikufunga pia.

Kilichomchukua ni kiharusi cha pili. Kilimpata saa tano asubuhi, siku ya kazi. Nilipofika saa yangu ya kawaida jirani alikuwa amekaa mlangoni, kanga kichwani, na yeye ndiye aliyekuwa amemfumba macho.