Chupa Chini ya Masale

Juma lililopita nilishuka Moshi kununua sufuria, nikapitia kwenye mitumba. Kijana mmoja alikuwa ametandaza turubai, juu yake pasi za mkaa, viatu visivyo na jozi, na chupa za zamani zimeoshwa mpaka zinang'aa.

"Shikamoo bibi. Hiyo ya Mjerumani hiyo."

Nikaiokota. Sikuitazama, niliipapasa. Kidole gumba kikaanza kitakoni, kikapanda ubavuni, shingoni, na mshono wa kioo ukapanda nacho mpaka juu ya mdomo.

"Mwanangu, hii Mjerumani hakuiona."

"Kwani bibi ulikuwepo?"

"Mshono umepita mdomoni. Hii imetoka kwenye mashine."

Akacheka sana. "Wa hotelini wanaonunua hawapapasi, bibi. Nirudishie Mjerumani wangu usije ukamvunja."

Nilimrudishia, nikapanda gari la kurudi nyumbani Kilema bila sufuria. Kidole kilikuwa kimenikumbusha jambo, na kilinikumbusha wakati mbaya. Alhamisi wapimaji walikuwa wanakuja kupima kihamba chetu, lile shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, ili tupate hati, na katika pande zote mbili ni mimi tu niliyebaki wa kuulizwa mpaka wetu na jirani uko wapi.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo. Mimi nililelewa na bibi, mzaa baba. Shule nilisoma miaka miwili, ng'ombe akazaa, nikaambiwa nibaki nikate majani. Yule ng'ombe alikuwa na maziwa mengi lakini ana roho mbaya, alimpiga teke mpaka padre aliyekuja kutubarikia nyumba. Tuyaache hayo. Mwingereza alikuwa bado yupo, na plastiki hatukuijua. Chupa ilikuwa mali. Maziwa yalikwenda misheni kwa chupa, na mafuta ya taa, asali, dawa ya kikohozi, samli, vyote vilikaa kwenye chupa, na kizibo ni gunzi la mahindi.

Wauza chupa walipanda kutoka mjini na vikapu vyao kichwani, wamezikusanya kwenye nyumba za Wahindi na Wazungu. Bibi hakumwamini hata mmoja. Kwanza ananusa. Ikinuka mafuta ya taa anaiweka kando, hata muuzaji aape mbingu zote. Halafu anaiinua juani kutafuta mapovu ndani ya kioo. Chupa ya zamani ina mapovu kama uji unaoanza kuchemka, ni nzito, na mdomo wake umebandikwa kwa mkono, umekaa upande kidogo. Mwisho anapitisha kidole gumba. Mshono ukiishia shingoni, anasema, "Ya Mjerumani." Ukipita mdomoni, "Ya juzi hii, usinidanganye." Herufi hakujua hata moja, lakini chupa alizisoma zote.

Na watu aliwasoma hivyo hivyo. Mayai aliyahesabu kabla ya kwenda kanisani na akirudi anayahesabu tena. Jirani akimsalimia mara mbili kwa siku moja, anauliza, "Anataka nini yule?"

Safari hiyo jirani alikuwa anataka kweli. Kati ya kihamba chake na chetu palipita mfongo, ule mfereji wa kuleta maji ya mlimani, na kando yake kulikuwa na mistari mitatu ya kahawa. Mwenye kipande kile ndiye aliyetangulia kufungulia maji wakati wa kiangazi. Siku moja jirani akaita wazee, akasema kipande ni chake, baba yake aliweka alama.

Sasa, mpaka wetu huku ni masale, ile mimea ya majani marefu unayoiona kila kihamba. Lakini masale yanang'oka, mtu anaweza kuyahamisha. Kwa hiyo pande zetu wengine walizika chupa chini yake, mdomo chini, iwe shahidi.

Jirani akachimba kwenye sale lililo ndani kabisa ya upande wetu. Chupa ikatoka. "Hii aliizika marehemu baba, Mjerumani akiwa bado yupo hapa."

Bibi akaomba aishike. Akaifuta udongo kwa kanga, akapitisha kidole, akampa mzee wa karibu. "Papasa mdomo."

Mzee akapapasa. Akamtazama jirani. "Baba yako alifufuka akaenda dukani?"

Watu walicheka mpaka mbege, pombe yetu ya ndizi, ikamwagika. Bibi hakucheka. Akavuka mfongo, akaonyesha sale la upande wa pili, "Chimbeni hapa." Wakachimba. Ikatoka chupa ya kijani, nzito, ina mapovu, mshono unaishia shingoni. Ikazunguka kwa wazee wote, kila mmoja na kidole chake. Kesi ikaisha. Jirani akatozwa mbuzi, na tangu siku ile watu wakimwona wanainua mdomo wa kibuyu na kuupapasa.

Mimi nilikuwa nimesimama na kata ya mbege. Chupa ilipopita mbele yangu nikaona kitako chake. Kilikuwa na pengo dogo kama ukucha.

Ilikuwa chupa yetu ya samli. Nilikuwa nimeiosha mwenyewe kwa mchanga na maji ya moto Jumamosi ya nyuma yake. Jumatatu bibi aliniambia imevunjika, na mimi nikashangaa vigae viko wapi, maana bibi hakuwahi kutupa kigae cha chupa, alikwangulia mipini ya majembe. Niliinua macho nikakuta ananitazama. Nikamimina mbege.

Basi nimekaa na hiyo miaka yote. Chupa inakwambia imetengenezwa lini, haikwambii imezikwa lini, na katika wazee wote wale hakuna aliyewaza hilo. Labda aliwaza mmoja akanyamaza. Hata leo nawashuku.

Alhamisi wapimaji walifika na kile kidude chao cha miguu mitatu. Mjukuu wa jirani alikuja, kijana mwenye adabu, ananiletea ndizi kila Krismasi na mimi kila Krismasi najiuliza anataka nini. Mwanangu alisimama nyuma yangu.

"Bibi, wewe ndiye unayejua. Mpaka ni upi?" mpimaji mmoja akauliza.

"Mwonyeshe sale, mama," mwanangu akasema.

Nikasema, "Ile chupa niliiosha mimi Jumamosi." Nikaeleza yote, kama nilivyokueleza.

"Mama umechoka, kaa chini," mwanangu akasema.

Kijana akauliza taratibu, "Kwa hiyo kipande kilikuwa chetu?"

"Sijui. Babu yako alizika chupa ya uongo. Bibi yangu naye alizika ya kwake. Yeye alijua kuchagua, babu yako hakujua."

"Sasa mpaka wa kweli uko wapi?"

Nikatazama huku na huku. Kahawa ile ilishang'olewa, mahali pake pana parachichi. Mfongo umekauka, watoto wanautumia kama njia ya kwenda shule. Wazee wote wamelala kwenye migomba yao. Mpaka wa kweli waliujua watu wawili, na kila mmoja aliona afadhali aufiche kuliko kuusema, mpaka wakafa nao.

Nikawaambia wapimaji wachomeke jiwe lao katikati ya mfongo. Mjukuu wa jirani akaweka saini. Mimi nikaweka dole gumba. Mwanangu hakuja kula Jumapili hii, na sufuria bado sijanunua, kwa hiyo hata angekuja tungepikia ile iliyotoboka.