Mama Kiraka na Mfu Asiye na Jina

Jina la Mama Kiraka halikuwa la kejeli. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa fundi cherehani wa hospitali kubwa ya mji, katika chumba cha chini kilichopakana na dobi, ambako mashuka yaliyochanika, magauni ya upasuaji yaliyokatika kamba na mapazia ya wodini yaliyofumuka pindo yalimfikia yakiwa yamerundikwa kwenye toroli. Alijua kuweka kiraka hata mwenye nguo asikione. Na mdomo wake haukuwa na tofauti na cherehani yake: ukishawaka, umewaka. Manesi walishuka ngazi kwa kisingizio cha kifungo kimoja, kumbe wanafuata kicheko.

Jumatatu moja alipita maktaba ya mji kurudisha kitabu cha bintiye. Mlangoni akakuta bango la shindano lenye maandishi mekundu: MFUFUE MMOJA. Chagua mtu yeyote wa historia, vaa kama yeye, simama mbele ya watu, ujibu maswali kwa kinywa chake. Akalisoma, akarudi nyuma hatua mbili, akalisoma tena.

"Mtu yeyote?" akamuuliza mkutubi, mama mmoja mpole mwenye miwani ya kamba.

"Yeyote, mama, mradi aliishi kweli na ameshakufa."

"Basi niandike."

"Unamfufua nani?"

"We niandike kwanza. Maiti nitaitafuta."

Jioni ile nyumbani hapakukalika. Mumewe, fundi bomba, alikuwa hata hajavua viatu alipopokewa na habari hiyo mlangoni. Wifi yake, dada wa huyo mume, ambaye aliuza nguo za mitumba na kuishi nyumba ya pili, alikuja mbio kama aliyeitiwa moto.

"Malkia!" wifi akaamua hapo hapo. "Nina pazia la mahameli, zambarau, limekaa tu. Wifi yangu, utatisha!"

Wakamchagua malkia mmoja wa kale kutoka kitabu cha shule cha binti. Kwa siku nne Mama Kiraka alitembea sebuleni na pazia likiburuta nyuma yake, akimwamuru mumewe apige magoti. Mumewe alipiga, kwa shida, magoti yakilia. Ila kila alipojaribu kumsemesha yule malkia, maneno yalikauka.

"Simpati," alimwambia wifi yake. "Namvalisha, namnyanyua kidevu, lakini hana la kuniambia. Mimi na yeye tungekutana, angenipa tu pindo nimshonee."

Ijumaa, kazini, alikuwa akishona kwa mkono kamba ya gauni la upasuaji. Akalamba ncha ya uzi, akaitunga kwenye sindano, kama alivyofanya pengine mara elfu mia. Mkono ukabaki hewani. Akaisogeza sindano dirishani, akachungulia lile tundu dogo, mwanga ukipita.

"Ni nani," akasema kwa sauti, "aliyetoboa hili la kwanza?"

Mfanyakazi wa dobi, aliyekuwa akikunja mashuka pembeni, alidhani anaulizwa yeye. "Si mimi, dada," akajibu.

Saa ya chakula ilimkuta maktaba, hajala. Mkutubi alimtolea kitabu kikubwa chenye picha, na humo akaziona: sindano za mfupa, nyembamba, zenye matundu, za maelfu kwa maelfu ya miaka, kabla ya wafalme, kabla ya maandishi. Mama Kiraka aliishika meza kwa mikono miwili.

"Jina lake nani, aliyeanza?"

"Halijulikani. Tena, mama, masharti yanataka mtu aliyeishi kweli..."

"Kwani sindano ilijitoboa yenyewe?"

Mkutubi akacheka, akachukua kalamu, na kwenye orodha akaandika: Mtoboa Sindano wa Kwanza.

Hapo ndipo shughuli ilipoanza, kwa maana Mama Kiraka alikula kiapo kwamba hatasimulia tu, atatoboa mbele ya macho ya watu. Alichukua mifupa buchani, akaichemsha, akaipasua, akaisugua kwenye saruji ya uani mpaka ikawa vijiti. Akatafuta jiwe gumu lenye ncha. Wa kwanza ulivunjika. Wa pili ukavunjika. Ilipofika saba, wifi alishika kichwa. "Mahameli bado ipo," akanong'ona.

Aliyemwokoa ni fundi bomba. Alichuchumaa, akautazama mfupa wa tisa uliopasuka, akasema, "Mke wangu, unaukandamiza upande mmoja mpaka mwisho. Hautaki. Toboa nusu, geuza, toboa kwa huku, matundu yakutane katikati."

Wa kumi na mbili haukuvunjika. Mama Kiraka alipiga kigelegele, majirani wakatoka nje kuuliza nani anaolewa.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, siku ya shindano, saa tisa alasiri, ukumbi wa maktaba ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Alitangulia karani mmoja mrefu aliyemfufua mtazama nyota, akaeleza mienendo ya sayari kwa machungwa na taa, watu wakamshangilia sana. Akafuata jemadari mwenye upanga wa mbao. Kisha Mama Kiraka, peku, amejifunga blanketi kuukuu la kahawia lililokatwa kama ngozi. Hakusema kitu. Yeye, mwenye mdomo ule! Aliketi sakafuni, akatoa kijiti cha mfupa na jiwe lake, akaanza kuzungusha.

Sauti ya jiwe ikawa ndiyo pekee ukumbini. Akageuza. Akazungusha tena. Vumbi jeupe likamdondokea magotini. Wifi, mstari wa pili, alikuwa ameuma leso. Halafu ncha ikapenya. Mama Kiraka aliinua mfupa, akachungulia hadhira kupitia lile tundu, na ukumbi mzima ukashusha pumzi.

Jaji alikuwa mwalimu mstaafu wa historia, mzee mkavu asiyecheka ovyo. "Jina lako nani?" akauliza.

"Nilikuwa nalo," akajibu. "Walioniita kula walilijua. Ninyi ndio mlilipoteza, mimi sikulipoteza."

Minong'ono ikapita. Jaji akajiweka sawa. "Wapo wafalme, wapo mashujaa. Kwa nini tukufufue wewe?"

"Mheshimiwa, tafadhali simama."

Akasimama.

"Sasa vua kila kilichoshonwa."

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga meza, jemadari aliangusha upanga, na jaji, akiwa ameshika koti lake kwa mikono yote miwili, aliketi chini haraka akicheka mpaka machozi. Mama Kiraka akatunga uzi kwenye ile sindano mbichi, akaunganisha vipande viwili vya ngozi, akavivuta mbele ya watu. Havikuachana.

Alipata nafasi ya pili. Mtazama nyota alishinda, na Mama Kiraka ndiye aliyempigia makofi kwa nguvu kuliko wote, kwani machungwa yale yalimwingia kweli. Njia nzima ya kurudi alimweleza mumewe habari za sayari.

Jumatatu chumba cha kushonea kilijaa kabla ya saa mbili. Mfanyakazi wa dobi alisimama juu ya kigoda: yeye angemfufua aliyegundua sabuni, na hataki kusikia mwingine. Nesi wa wodi ya watoto akasema sabuni baadaye, kwanza aliyebuni kitanda. Wakabishana, wakanyoosheana vidole. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo, akaingia msimamizi wao, mama mwenye sauti ya filimbi, aliyekuja kuuliza mashuka ya upasuaji yako wapi.

Akasikiliza kidogo, mkono kiunoni.

"Wote mmekosea," akasema, akavuta kiti. "Aliyebuni mlango."