Mchi Ulioitikia Nyundo

"Mzee Muteesasira amerukwa na akili." Nalongo, yule mama wa mapacha, alikuwa akimenya ndizi, na sauti ameishusha utadhani migomba ina masikio. "Anagonga gogo tupu, mwenzangu. Gome hakuna! Anagonga, anatulia, anatega sikio, anagonga tena. Mimi kwake sipeleki tena chakula, asije akanitwanga."

"Kwa gome gumu kama lako, Nalongo, atachoka yeye," Nakiwala alimjibu.

Nalongo akacheka mpaka kisu kikamdondoka. Nakiwala hakucheka. Alimfunga mwanawe mgongoni, akachukua matoke na bakuli la mchuzi wa karanga, akaenda.

Nyundo za mzee huyo zilijulikana kijiji kizima. Mvua zikianza, aliuvua mtuba gome lake, akauvisha mti majani ya mgomba usibaki uchi, kisha akaingia bandani kuligonga gome juu ya gogo mpaka likawa nguo ya kuwazikia watu. Mwanamke haingii bandani. Akiingia, gome hupasuka. Ndivyo mzee alivyoambiwa na baba yake, naye hakuuliza zaidi.

Basi akamwingiza Lutalo, mwanawe wa kiume. Moyo wa Lutalo ulikuwa kwenye redio mbovu. Aligonga huku anasinzia, gome likatoboka. Akachapwa, likatoboka tena. Mwishowe akatoroka. Leo anatengeneza simu Kampala, na watu wanampangia foleni.

Namukasa, dada yake, hakuitwa na mtu. Alikaa jikoni akitwanga karanga, na kila nyundo ya baba ilipolia, mchi wake uliitikia: nyundo nzito, mchi mzito, nyundo laini, mchi mwepesi. Nakiwala, shoga yake, aliwahi kumkuta amefumba macho, anatwanga kinu kisicho na kitu.

"Sikia," Namukasa alimnong'oneza, "baba amefika ukingoni mwa gome. Anapunguza mkono."

Baba akadhani anadhihakiwa. Akautwaa mchi, akautupa chooni. Namukasa hakuitikia tena. Aliolewa ng'ambo ya Mto Katonga, na mwezi uliopita walimrudisha maiti, mtoto wake angali tumboni. Alizikwa ndani ya nguo iliyogongwa na baba yake.

Nakiwala alipiga magoti nje ya banda, akaweka chakula kizingitini.

"Baba, hujala."

"Nyamaza kidogo, mwanangu."

Mzee akagonga gogo, akageuza uso upande wa jikoni. Kimya.

"Alikuwa anajua," akasema. "Nikikosea pigo, mchi haukuitika. Ndicho kilichoniudhi. Aliyeitaka kazi yangu nikamnyamazisha, asiyeitaka nikamchapa aipende. Sasa nagonga, nasema labda..." Akainua nyundo, akagonga tena.

Vidole vya Nakiwala vikaitikia kwenye ukingo wa bakuli, taratibu, vile alivyozoea kusikia kutoka jikoni mle. Hakujua kama anagonga mpaka alipomwona mzee ameganda, nyundo hewani.

"Nisamehe, baba," akasema, mkono akauficha.

Mzee alijipangusa macho kwa mgongo wa kiganja. Akajisogeza, akaacha nafasi kwenye mkeka, kisha akamnyooshea nyundo laini hadi mlangoni, pale ambapo hakuna mwanamke aliyewahi kupita.

"Mlaze mtoto hapa," alisema. "Ingia, mwanangu. Niitikie."