Herufi Mbili Zilizozidi Ukutani

Gordon Oketch hakuweza kulipita kosa bila kusimama. Mtaa mzima wa Kondele, mjini Kisumu, ulimjua kwa tabia hiyo, na si wote walioipenda. Ukiwa na kibanda chako na umeandika mlangoni SAMAKI MZURI INAUZWA HAPA, Oketch angeweka chini kopo lake la rangi, akutazame kwa huruma kama mtu aliyekuja matanga, kisha akueleze kwamba samaki, hata akiwa kikaangoni, anauzwa, si inauzwa. Wengi walimwambia aende zake. Wachache walimwacha apande kwenye stuli arekebishe, naye alifanya hivyo bure, kwa raha tupu.

Alikuwa fundi wa kuandika mabango. Majina ya hoteli, ya vinyozi, ya maduka, na ya mashua za ufuoni Dunga, yote yalipita mkononi mwake. Kiswahili chake alikipata shule ya msingi kwa Mwalimu Shitanda, mtu aliyewahi kukaa Mombasa miaka sita akarudi bara na lugha iliyofanya watu wamcheke. Oketch hakumcheka. Aliishika lugha ile kama mtu aliyepewa panga jipya, na tangu hapo akawa anakata kila kilichosimama mbele yake.

Basi mtu wa namna hiyo akaoa mke Mkristo, na hapo ndipo mambo yalipoanza.

Beldina alikuwa muuza omena, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Kondele, binti wa kanisa tangu utotoni, aliyebatizwa na kuwekewa mikono na askofu, ambako ndiko kunakomfungulia mtu Meza ya Bwana. Oketch hakuwa amebatizwa. Ndoa yao ilikuwa ya ng'ombe na wazee, halali kabisa kwa wajomba wa pande zote mbili, ila kanisa halikuibariki, na kwa sheria ya kanisa lao mwanamke wa ndoa kama hiyo haruhusiwi kwenda Meza ya Bwana. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, wenzake walipoinuka kwenda mbele, Beldina alibaki kwenye benchi karibu na mlango. Wanawake wenye watoto wachanga walikuwa wakimpakatisha watoto wao wanapopita, kwa kuwa yeye hana pa kwenda. Alifanya hivyo miaka kumi na moja. Hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililomuuma Oketch kuliko kelele yoyote.

Dawa yake ilijulikana. Oketch abatizwe, ndoa ibarikiwe, Beldina arudi mezani. Na Oketch alikuwa tayari, alikuwa ameingia darasa la ubatizo si mara moja bali mbili. Mara zote mbili alitoka kabla ya mwisho, kwa sababu alikuta kosa. Safari hii halikuwa la herufi, lilikuwa la hesabu.

"Baba ni Mungu," alifundisha Mzee Zacchaeus Gichuki. "Mwana ni Mungu. Roho Mtakatifu ni Mungu."

"Hao ni watatu, Mzee," akasema Oketch.

"Lakini Mungu ni mmoja."

"Basi kuna mahali umehesabu vibaya."

Gichuki alikuwa mzee wa kanisa aliyehamia Kisumu kutoka Nyeri akiwa kijana, mwenye duka la rangi na misumari pale pale Kondele. Oketch alikuwa mteja wake wa miaka mingi, na walipendana kwa namna ya watu wanaobishana kila siku. Gichuki hakukosa jibu. Alisema ni kama maji, ambayo huwa maji, huwa barafu, huwa mvuke. Oketch akaenda nyumbani na jibu hilo, akalitafuna wiki nzima, akarudi na Biblia imefunguliwa pale Yesu anapobatizwa Yordani.

"Tazama hapa, Mzee. Mwana yuko ndani ya maji. Roho anashuka kama njiwa. Sauti ya Baba inatoka mbinguni. Wote wako, saa ile ile, na mmoja anamwita mwenzake mwanangu mpendwa. Maji yako hayawezi kuwa barafu na mvuke kwa wakati mmoja na yakaongea yenyewe kwa yenyewe."

Gichuki akajaribu yai: ganda, ute na kiini. Oketch akasema ganda peke yake si yai, wakati yeye mwenyewe Gichuki amefundisha kwamba Mwana peke yake ni Mungu kamili. Akafungua Yohana, pale Neno alikuwako kwa Mungu, naye Neno alikuwa Mungu. Kisha akarudi nyuma hadi kwa Musa, anapowaambia Waisraeli kwamba Bwana ni mmoja. Darasa zima likageuka kumtazama Gichuki.

"Fundi," akasema Gichuki akijifuta jasho, "wewe unasoma Biblia kama askari anakagua leseni. Sema tu naamini, tuendelee."

"Siwezi kusema naamini kitu nisichojua kama kimeandikwa sawasawa."

Usidhani alikuwa mkaidi tu. Usiku na mchana jambo lile lilimwasha. Angekuwa juu ya ngazi anaandika KINYOZI, mkono unasimama katikati ya herufi, anajiuliza: kwani hawa watu hawakuona? Aliyeandika kitabu cha Musa na aliyeandika cha Yohana hawakuwa wajinga. Au ndiyo yale yale ya Kondele, mtu anasema anachosema na hakuna anayemsahihisha?

Mwaka wa 1988, kanisa lilimaliza kupiga plasta ukuta wa mbele. Wazee wakataka aya kubwa juu ya mahali pa kubatizia, na nani aandike kama si Oketch? Gichuki akampa karatasi iliyopimwa vizuri, herufi kwa herufi: MKIWABATIZA KWA JINA LA BABA, NA MWANA, NA ROHO MTAKATIFU.

Jumamosi alikuwa peke yake ukutani. Alifika kwenye JINA, akasimama. Jina la nani? La Baba, na Mwana, na Roho. Watatu wana jina moja? Mwalimu Shitanda angekula chaki. Kitu kimoja, jina. Vitu vitatu, majina. Akaona wazi kilichotokea: mzee fulani wa kamati, Mjaluo mwenzake ambaye kwake jina na majina ni mamoja, alinakili vibaya. Oketch akatabasamu kwa huruma ile ile ya matanga. Akaongeza MA mbele ya JINA, akageuza LA kuwa YA, akasukuma herufi zilizofuata zikakaa zimebanana kidogo upande wa kulia, akashuka.

Jumapili kanisa lilijaa. Mama Dorca, mjane mzee aliyekuwa akikaa benchi la kwanza, hakuwa msomaji mkubwa, lakini aya ile aliijua kwa moyo. Akaanza kuisoma ukutani kwa sauti, kidole hewani. Alipofika katikati akakwama. Akarudia. Akakwama tena.

"Yawa!" akasema. "Nani ameongezea Mungu majina? Hii kanisa ni ya Mungu moja!"

Na Oketch, bila kufikiri, kutoka kule nyuma: "Mmoja, Mama. Si moja. Mungu mmoja."

Mama Dorca akageuka polepole.

"Ee! Kumbe unajua ni mmoja. Sasa mbona umeandika kama wao ni wengi?"

Watu walivunjika mbavu. Wazee wa kamati hawakucheka. Mmoja alisema kwa sauti kwamba mtu anayechezea Neno la Mungu ukutani afutwe kabisa kwenye orodha ya ubatizo, na wengine wakaitikia kwa vichwa.

Jioni Beldina alikuwa anachambua omena uani. Hakuinua uso.

"Baba Lornah," akasema, "miaka kumi na moja sijakuuliza. Leo nakuuliza. Ni nini unatafuta?"

Oketch akaketi kwenye kiti cha chini karibu naye. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona uchungu.

"Natafuta kujua kama wanasema kweli au wanasema ovyo," akajibu. "Kama wanasema ovyo, siwezi kukurudisha mezani kwa uongo."

"Na kama ni kweli?"

"Basi itakuwa imeandikwa kwa uangalifu."

Beldina akatupa mawe mawili yaliyojificha kwenye omena. "Haya. Enda uangalie."

Jumatatu asubuhi akaenda dukani kwa Gichuki, amejiandaa kubishana. Alimkuta mzee ameweka Biblia tatu juu ya kaunta, kati ya misumari na makopo ya vanishi. Naye hakuwa amelala vizuri.

"Bwana Oketch, kuja uone. Mimi nimesoma hii aya tangu nikiwa kijana, sikuwahi kusimama hapo. Hii ni ya Kiswahili: jina. Hii ni yangu, ya Kikuyu. Jina, moja tu. Kama yangekuwa mengi neno lingebadilika mwanzo, na halikubadilika. Sasa hii ya Kijaluo nimeazima kwa Mama Dorca. Soma wewe."

Oketch akasoma. Nying. Jina. Moja.

"Na nimepigia kasisi simu," akaongeza Gichuki, "nikamuuliza Kigiriki chenyewe kinasemaje. Ameniambia hata huko ni jina moja. Halafu akaniuliza ni nani amenituma."

Oketch alizivuta Biblia zile karibu, akapeleka kidole kutoka moja hadi nyingine, kisha akarudi ya kwanza. Kuna kitu alikijua ambacho wasomi wengi hawakijui, kwa kuwa alikuwa ametumia miaka ishirini akirekebisha makosa ya watu. Kosa halitulii mahali pamoja. Mmoja atakosea hapa kwa sababu mkono umechoka, mwingine kule kwa sababu alikuwa na njaa. Ukiwapa mafundi wanne bango moja wanakili, kila mmoja atakosea kivyake. Lakini hapa palikuwa na Mgiriki, Mswahili, Mkikuyu na Mjaluo, watu wasiowahi kunywa chai pamoja, na wote wamesimama pale pale.

"Mzee," akasema hatimaye, "hili si kosa."

"Ndiyo nimekuwa nikikuambia."

"Hapana, hukuniambia. Uliniambia mambo ya yai." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Aliyesema maneno haya alijua kuhesabu. Angetaka majina angesema majina. Amewataja watatu, kila mmoja peke yake, hakuwachanganya. Halafu akawapa jina moja. Amefanya makusudi, Mzee."

Gichuki akavua miwani. Walitazamana juu ya misumari ile kama watu waliosikia hodi na hawajui ni nani yuko mlangoni. Mteja aliingia akitaka bawaba, akasubiri sana.

Oketch alifuta MA kwa chokaa siku ile ile, akairudisha LA, akapanga upya herufi zote, na mstari ukakaa sawa kabisa na vipimo vya karatasi, bila kubanana. Ila chokaa ya kanisa ilikuwa nyepesi, na siku za mvua, ukuta ukinyonya unyevu, herufi mbili za zamani zilijitokeza kidogo chini ya rangi ya JINA. Mama Dorca alihakikisha kila mgeni ameoneshwa.

Oketch akarudi darasani, safari hii akamaliza; ikabaki kuhojiwa na kasisi. Kamati ilikuwa bado imenuna, na kasisi alikuwa ameambiwa yote. Alimkalisha Oketch mbele ya wazee, Beldina akiwa amesimama karibu na dirisha, mikono ndani ya leso.

"Unamwamini Mungu mmoja, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu?"

"Namwamini."

"Unaelewa namna watatu ni mmoja?"

"Hapana," akasema Oketch.

Gichuki akafunika uso. Beldina hakusogea.

"Basi unaamini nini, ndugu yangu?"

"Naamini kwamba aliyesema hakukosea. Kasisi, mimi nilidhani kanisa linasema ovyo. Nikaenda kuangalia. Nimeangalia Yordani, nimeangalia kwa Yohana, nimeangalia kwa Musa. Hakuna pahali wamesema miungu watatu, na hakuna pahali wamewafanya hao watatu kuwa mtu mmoja anayebadilisha nguo. Wangeweza kurahisisha na hawakurahisisha. Mtu anayekataa kurahisisha, mimi namwamini. Kuelewa, bado natafuta, na sitaacha kutafuta. Kama hiyo haitoshi, niambieni sasa, ili mke wangu asingoje bure."

Mzee mmoja wa kamati alikohoa.

"Nimesoma chuo cha theolojia miaka minne," kasisi akasema mwishowe, "na mtu akiniuliza hilo swali la pili, mimi hutafuta mlango uko wapi. Inatosha."

Alibatizwa Jumapili ya kwanza ya Desemba, chini ya mwandiko wake mwenyewe. Maji yalimwagwa kichwani mara tatu, na jina likatajwa mara moja. Oketch alihesabu, hakujizuia. Kisha Beldina akaitwa mbele, ndoa ikabarikiwa, wakarudi pamoja kwenye benchi lao karibu na mlango.

Wakati wa Meza ulipofika, watu wakainuka. Beldina, kwa mazoea ya miaka kumi na moja, alibaki amekaa, akanyoosha mikono kupokea watoto. Mwanamke wa kwanza akapita na mtoto wake, hakumpa. Wa pili akapita, naye hakumpa. Beldina alitazama mikono yake mitupu, akamtazama mumewe.

"Enda, Mama Lornah," Oketch akamwambia. "Mimi ndiye bado, hadi askofu aje kuniwekea mikono."

Akainuka. Alipokuwa akitembea kwenda mbele, Mama Dorca alikuja kutoka benchi la kwanza na mjukuu wake aliyelowesha nepi, akamweka mapajani mwa Oketch bila kuuliza, akafuata njia ile ile aliyopita Beldina.