Utosi wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa kike, wa mwisho, alikuja kwangu mtaa wa Bakoba Jumamosi moja akiwa amejifunga kitambaa kichwani, akakaa kwenye kigoda uani na kusema, "Kaka, usishtuke." Kisha akakifungua. Alikuwa ametoka kufumua rasta. Kuanzia pembe za paji la uso hadi juu ya masikio nywele zilikuwa zimekwisha, na zilizobaki katikati zilikuwa na mvi nyingi kuliko za baba yetu siku anastaafu. Mdogo wangu ana miaka ishirini na saba.

Nilijua mvi zilimwanza akiwa kidato cha tatu. Sikujua zimefika huko, maana miaka yote alizificha ndani ya rasta. Mchumba wake naye hakujua. Na baada ya wiki sita watu wa mchumba walikuwa wanakuja kutoka Buganguzi, kujitambulisha nyumbani kwetu Izimbya.

Siku kama hiyo binti wa Kihaya huingia na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, akapiga magoti mbele ya kila mgeni, akainamisha kichwa na kumkaribisha achukue. Tangu zamani wawili wakigawana punje za tunda moja huhesabiwa ndugu. Mgeni amekaa kitini, binti yuko chini. Anachokiona mgeni, kabla hata ya uso, ni utosi.

"Watasema mmewaletea bibi mkamwita binti," alisema. "Wewe unasomasoma. Nisaidie."

Elimu yangu ya darasani iliishia kidato cha nne, mengine nimejisomea. Nilichukua daftari, nikaugawa ukurasa kwa mstari: kushoto Ayurveda, tiba ya kale ya Wahindi, kulia hospitali.

Ayurveda niliisoma katika kitabu cha mtumba. Kilisema nywele huzeeka kabla ya wakati joto la nyongo linapopanda kichwani na kuunguza mizizi. Dawa yake ni tunda la amla, mafuta ya kusugua, kupunguza pilipili, kulala vya kutosha na kuacha hasira. Nilimsomea orodha hiyo mama mmoja wa Kiislamu anayeuza hina na mafuta karibu na soko. "Kuacha hasira hakuuzwi," alisema. "Mafuta ya amla ninayo."

Hospitali walimpima damu na tezi ya shingoni. Tezi ilikuwa nzima, damu ilikuwa pungufu kidogo. Akaandikiwa vidonge vya madini ya chuma. Kuhusu mvi, daktari alisema chembe zinazotia rangi kwenye shina la unywele huchoka mapema kwa baadhi ya watu, na kwetu huenda ni urithi. Kuhusu pembeni hakuwa na shaka. "Hizi zimeng'olewa na rasta za kubana. Ukiacha sasa, zinaweza kurudi. Ukiendelea, shina litakufa."

Sababu za kushoto na za kulia hazikufanana. Hata hivyo pande zote mbili zilitaka ale vizuri na alale, na hakuna uliomwahidi weusi ndani ya wiki sita. Hilo nililipigia mstari.

Mafuta nilitaka kuyajaribu kwa utaratibu. Kila jioni akitoka kazini alipitia kwangu, nikamsugua upande wa kushoto tu, wa kulia nikauacha. Asubuhi alichana kila upande peke yake juu ya kitambaa cheupe na kuhesabu zilizodondoka. "Kaka, umenifanya shamba darasa," alinitania. Mwezi ulipoisha, zilizokuwa zikidondoka zilikuwa zimepungua sawasawa pande zote mbili. Kwa hiyo mafuta hayakuthibitisha kitu. Kilichosaidia kilikuwa kuacha rasta, na pengine vidonge. Niliandika hivyo, nikafunga jaribio. Lakini niliendelea kumsugua, sasa kichwa kizima, kwa sababu alikuwa akisinzia palepale kwenye kigoda kama alivyosinzia nikimchana kabla hajaanza shule.

Wiki ya mwisho shangazi yetu alikuja na piko, ile rangi nyeusi ya kupaka. "Dakika ishirini tu anakuwa msichana. Daftari lako lina wiki tano na bado ni bibi."

Nilimwambia rangi ya aina hiyo huweza kuunguza ngozi, tupake tone nyuma ya sikio na kusubiri siku mbili.

"Jamani, mwenye upara anatufundisha nywele!" alisema shangazi, lakini tone akalipaka.

Kesho yake nyuma ya sikio palikuwa pamevimba na kutoa malengelenge. Shangazi aliitupa piko mwenyewe bila kunitazama. "Basi avae kitambaa," alisema.

Mdogo wangu alikataa. Mara mbili alikuwa amempigia mchumba simu ili amweleze, na mara mbili alishindwa. "Nikiinama na kitambaa wataona kitambaa. Siku nikikivua nitakuwa nimeshawadanganya." Akaniomba nimpunguze nywele zilingane. Nilitumia mkasi, taratibu.

Siku yenyewe aliingia sebuleni kichwa wazi. Wageni wote waligeuza shingo. Alipiga magoti mbele ya mgeni mkubwa kuliko wote, bibi yake mchumba, akainama. Bibi hakugusa kahawa. Aliweka kiganja juu ya utosi ule.

"Una miaka mingapi, mwana wange?"

"Ishirini na saba, bibi."

Bibi akamgeukia mjukuu. "Wewe ulijua?"

"Sikujua." Mchumba alisogea mbele kitini. "Nilijua kuna kitu ananificha. Nilidhani ni mwanamume."

Wajomba zake wakaangua kicheko. Bibi hakucheka.

"Nyamazeni. Mimi zilinianza nikiwa na mimba ya baba yake huyu. Nikazipaka masizi ya sufuria. Mvua ikaninyeshea nikitoka kanisani, masizi yakashuka mpaka kwenye gauni jeupe. Babu yenu hakuniuliza kitu. Alinitekea maji ya kuoga." Akamtazama mjukuu mpaka kijana akainamisha macho. "Na wewe?"

"Nitateka, bibi," alisema.

Ndipo bibi akachukua tunda moja la kahawa kikapuni, akalipasua kwa kucha. Ndani mlikuwa na punje mbili. Moja akaitia mdomoni, ya pili akamlisha mdogo wangu, ambaye alikuwa bado amepiga magoti na mashavu yake yamelowa machozi, wakatafuna pamoja.